Kuteleza si Kuanguka: Kwa Nini Timu Hupoteza Utulivu Baada ya Makosa ya Mapema

Mazungumzo ya redio kwa kina mama na walezi

Leo tutazungumza juu ya mpira. Usizime redio, mama. Najua utasema mpira ni mambo ya baba na vijana. Lakini anayepokea mtoto mlangoni mchezo unapokwisha ni wewe. Anayemwona amekataa chakula ni wewe. Kwa hiyo mazungumzo haya ni yako.

Sisi wakaazi wa Mji wa Kale na Mombasa kwa jumla tuna mapenzi ya mpira tangu zamani. Timu ya Feisal ya hapa Mombasa ilichukua ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, na wazee wetu wangali wakiisimulia. Hata leo, baada ya sala ya alasiri, utawaona watoto wakitoka vichochoro vya Kibokoni na Kuze, viatu vimefungwa kamba na kutundikwa shingoni, wakielekea Makadara. Na siku hizi si wavulana peke yao, mabinti pia wanacheza.

Hebu tuchukue mfano. Tumpe mtoto wetu wa mfano jina la Swaleh. Ana miaka kumi na mitatu, na anacheza beki. Siku ya mashindano, dakika ya tatu tu, Swaleh anataka kumrudishia kipa wake mpira. Anaupiga kwa ulegevu. Mchezaji wa upande wa pili anauwahi, anafunga. Bao moja. Kufikia hapo hakuna kubwa lililoharibika, maana mchezo bado mrefu. Lakini tazama yanayofuata. Kipa anampigia Swaleh kelele. Swaleh anakimbilia mbele akataka kulipa bao mwenyewe, nafasi yake ikabaki wazi. Bao la pili likaingia hapo hapo. Sasa wote wanagombana. Mmoja anamtukana refa na kupewa kadi. Hadi mapumziko, mabao manne.

Jioni Swaleh anarudi nyumbani, anatupa viatu chini ya kitanda na kusema, "Sichezi tena." Wiki ijayo haendi mazoezini. Na sisi wa hapa twajua, mama, kwamba kijana wa umri huo akikosa pa kwenda saa za jioni, wako watu wanaomngojea pembeni, na hawamngojei kwa wema. Kwa hiyo si suala la mabao manne tu. Ni suala la mtoto kuacha jambo jema kwa sababu ya kosa la dakika tatu.

Basi swali letu la leo ni hili: kwa nini kosa moja la mapema lilizaa mengine yote? Na mama anaweza kufanya nini?

Yanayotokea mwilini

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili na kengele ya hatari. Ukiwa unavuka barabara pale Digo Road na matatu ikakujia ghafla, moyo hudunda, miguu hupata nguvu, unaruka. Hukukaa ukafikiri. Hiyo ni kazi ya homoni iitwayo adrenalini, inayotoka katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo. Huufanya moyo uende mbio, pumzi ziwe za haraka, misuli ikaze, mikono itoe jasho na kinywa kikauke.

Kengele hii haipambanui vizuri kati ya matatu na aibu. Mtoto aliyekosea mbele ya watu mia moja, akasikia "aaah!" kutoka pande zote, mwili wake hulia kengele ile ile. Sasa fikiria. Mpira wataka mguu mlaini, jicho linaloona mbali na akili inayochagua. Yeye wakati huo ana misuli iliyokaza, pumzi za juu juu, na macho yanayoona mpira tu wala hayaoni wenzake. Pasi aliyoipiga vizuri mara elfu mazoezini sasa inatoka nje.

Kwa watoto na vijana jambo hili huwa zito zaidi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima mambo na kuzuia pupa, hukua polepole. Haikomai hadi mtu afikiapo miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na mitatu anapobabaika si mjinga wala si mwoga. Breki zake bado zinatengenezwa.

Yanayotokea akilini

Kengele ya mwili ikishalia, akili nayo hugawanyika. Nusu iko uwanjani, nusu imebaki kwenye lile kosa. Mtoto anajiuliza, "Kocha atanitoa? Watanicheka shuleni? Mama ameona?" Akili ya binadamu haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Nafasi iliyokwisha kujaa wasiwasi haina tena pa kuweka mchezo.

Tena kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Mambo tuliyoyazoea sana huenda vizuri tusipoyafikiria. Wewe mama ukisukuma chapati hufikirii mkono wa kulia ufanye nini na wa kushoto ufanye nini. Lakini akija mama mkwe akasimama nyuma yako akitazama kila kitu, ghafla chapati inakuwa na pembe nne. Mkono haukusahau kazi. Ni kwamba umeanza kuuchunguza. Mchezaji aliyekosea hufanya vivyo hivyo. Anaanza kuuchunguza mguu wake mwenyewe, na mguu unamkataa.

Mmeyaona haya hata madrasa. Mtoto amehifadhi sura nzima, nyumbani aisoma bila kukwama. Siku ya mashindano anateleza katika aya ya kwanza. Akitulia na kurudi nyuma kidogo, huendelea hadi mwisho. Akiingiwa na hofu, hupoteza hata zile aya zilizo nyepesi. Kuhifadhi alihifadhi. Alichokosa ni njia ya kurudi baada ya kuteleza.

Yanayotokea katika timu nzima

Mtu mmoja akibabaika, ni mmoja. Lakini timu ina watu kumi na mmoja wanaotazamana nyuso, na hofu huambukiza. Mtoto akimwona kapteni ameshika kichwa, naye moyo humwenda mbio. Akimsikia kipa analaumu, naye hutafuta wa kumlaumu.

Hapo mambo matatu huharibika. La kwanza, kila mmoja hutaka kulipa bao peke yake. Beki anapanda, kiungo anapiga mashuti kutoka mbali, hakuna anayekaa nafasi yake. Mlango unabaki wazi, mwenye kutaka kuingia anaingia. La pili, kunakuwa na haraka. Mpira wa kurusha unarushwa ovyo, pasi inapigwa kabla ya kutazama. Haraka haraka haina baraka, na uwanjani hali ni hiyo hiyo. La tatu, maneno ya kuelekezana hukoma, yakabaki maneno ya kulaumiana. Wachezaji hawaambiani tena "nyuma yako" au "tulia, una nafasi". Wanaambiana "wewe ndiye".

Kwa hiyo, mama, bao la kwanza mara nyingi huletwa na kosa. Mabao ya pili na ya tatu mara nyingi huletwa na yale yaliyofanywa baada ya kosa.

Mifano ambayo ulimwengu umeiona

Usidhani haya ni ya watoto tu. Tarehe 8 Julai 2014, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Belo Horizonte, Brazil ilicheza na Ujerumani nyumbani kwake. Brazil ilikuwa imemkosa Neymar aliyeumia mgongo, na kapteni wake Thiago Silva aliyekuwa amefungiwa kwa kadi. Ujerumani ikafunga dakika ya 11. Kisha ikafunga dakika ya 23, ya 24, ya 26 na ya 29. Mabao manne kwa muda wa dakika sita hivi! Mchezo ukaisha 7 kwa 1. Wale walikuwa wanaume wazima, wachezaji wa kulipwa, mbele ya watu wao. Mabeki walikuwa wakikimbia huku na huku, nafasi zao zimebaki tupu, kama wale watoto wetu wa Makadara.

Sasa tuje kwetu. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2004 kule Tunisia, Harambee Stars chini ya kocha Jacob Mulee ilikutana na Senegal tarehe 30 Januari. Senegal ilifunga dakika ya 4, ya 19 na ya 31. Ni kweli Senegal ilikuwa timu kali, miaka miwili kabla ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia. Lakini tazama hesabu hii: mabao matatu katika dakika 31 za mwanzo, na katika dakika zote zilizobakia hakuna hata moja. Wachezaji walikuwa wale wale, na wapinzani walikuwa wale wale. Stars walishindwa siku hiyo, lakini hawakuacha kushindwa kuwe kuvunjika. Na baada ya siku tatu tu, tarehe 2 Februari, timu hiyo hiyo ikaishinda Burkina Faso 3 kwa 0, kwa mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za mashindano hayo.

Mfano wa mwisho wengi wenu mnaukumbuka. Tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo, Kenya ilicheza na ndugu zetu wa Tanzania katika mashindano hayo hayo. Dakika ya 6 tu, Simon Msuva akaifungia Tanzania. Kenya ikatulia, ikasubiri, na dakika ya 39 Michael Olunga akasawazisha. Dakika moja baadaye, watu wangali wakishangilia, Mbwana Samatta akaipatia Tanzania bao la pili. Hapo timu nyingi zingevunjika moyo kabisa. Kenya haikuvunjika. Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa dakika ya 62, na Olunga akafunga la ushindi dakika ya 80. Tatu kwa mbili.

Tujifunze mawili hapo. Kwanza, kufungwa mapema si kushindwa. Pili, hata furaha kubwa humtoa mtu katika utulivu, ndiyo maana bao la Samatta liliingia mara tu baada ya kusawazisha. Mtoto afundishwe kurudi mchezoni baada ya kosa, na baada ya furaha pia.

Wala tusidanganyane, mama. Utulivu hauleti ushindi kila mara. Wakati mwingine wapinzani ni hodari zaidi, basi. Lakini timu iliyotulia hushindwa kwa mabao machache, na watoto wake hurudi mazoezini wiki inayofuata.

Yanayofanana na kubabaika lakini ni afya

Kabla hatujafika kwenye malezi, sikiliza hapa kwa makini. Si kila mtoto aliyelegea au kuchanganyikiwa uwanjani amepoteza utulivu. Huenda ni mgonjwa.

Joto na kiu. Jua letu la Mombasa, hasa miezi ya Februari na Machi, hukausha mwili upesi. Mtoto asiye na maji mwilini huwa mkali, huumwa na kichwa na huchoka haraka. Mpe maji kabla ya kutoka, na umfungie chupa ya maji safi. Asisubiri kuona kiu. Na asiende mchezoni na tumbo tupu. Viazi vitamu, ndizi au mkate na chai saa mbili au tatu kabla ya mchezo vyamtosha. Akiwa mwenye joto kali mwilini na ameanza kuweweseka, mtoeni juani, mmwagieni maji, mmpepee, na mmpeleke hospitali haraka.

Usingizi. Mtoto aliyekesha na televisheni au simu huwa na hasira za karibu. Mwenye miaka sita hadi kumi na miwili ahitaji saa tisa hadi kumi na mbili za usingizi. Kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane ahitaji saa nane hadi kumi.

Pumu. Mtoto anayepumua kwa mlio wa filimbi, na kifua kinambana, hana woga. Ana pumu. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na kocha ajulishwe.

Selimundu, ambayo wengine huiita sikoseli. Ugonjwa huu uko sana hapa Pwani. Mtoto mwenye nao akikimbia sana bila maji au akishikwa na baridi, huweza kupata maumivu makali ya mifupa. Muulize daktari wake michezo gani inamfaa na kwa kiasi gani.

Kugongwa kichwa. Mtoto aliyegongana vichwa na mwenzake au kuanguka kwa kichwa, kisha akawa kama hajui aliko, anauliza swali lile lile mara mbili au anayumba, atolewe uwanjani mara moja na asirudi siku hiyo, hata akisema ni mzima. Akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida, akishikwa na kifafa, au kichwa kikizidi kumuuma, mkimbize hospitali.

Mama afanye nini?

Kabla ya mchezo. Usimwambie, "Leo msiposhinda usirudi." Hata kwa mzaha. Unamtia kengele ya hatari kabla hajafika uwanjani. Mwambie, "Leo utakosea, kila mtu hukosea. Ukikosea, fanya yale matatu." Na yale matatu ndiyo haya, mfundishe nyumbani:

Kwanza, apumue. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita. Afanye mara mbili au tatu. Pumzi ndefu ya kutoa huupunguzia moyo mbio zake. Ni njia ya kuiambia ile kengele kwamba hakuna matatu hapa.

Pili, aseme neno moja lake mwenyewe, kimoyomoyo. Liwe fupi. "Tulia." Au "Bismillahi." Au "Mpira ujao." Neno hilo huitoa akili kwenye kosa na kuirudisha uwanjani.

Tatu, arudi kwenye nafasi yake na afanye jambo jepesi. Pasi fupi kwa mwenzake wa karibu. Asitafute kulipa kosa kwa jambo kubwa. Jambo jepesi likifanikiwa, imani hurudi.

Haya hayafundishwi siku ya mchezo. Yafanywe jioni kabla ya kulala, kidogo kidogo, hadi yawe mazoea.

Wakati wa mchezo. Ukiwa pembeni ya uwanja, usipige kelele ya kumwelekeza mtoto, hiyo ni kazi ya kocha. Akikosea na kukutazama, na watoto wote hutazama walipo mama zao wakikosea, uso wako ndio dawa. Mwonyeshe kwa mkono kwamba yuko sawa. Ukishika kichwa, naye ameona. Na wewe mzazi ukimtukana refa, usishangae mwanao akipewa kadi.

Baada ya mchezo. Hapa ndipo mama anapojenga au kubomoa. Turudi kwa Swaleh wetu, amefika mlangoni.

"Karibu mwanangu. Pole kwa mchezo. Oga kwanza, chakula ki tayari."

"Sili, mama. Mimi ndiye niliyefungisha. Wananiita uchochoro."

"Naona umeumia, baba. Ningekuwa mimi pia ningeumia."

"Sirudi tena."

"Leo hatuamui kurudi wala kutorudi. Leo unakula na kulala. Kesho tutazungumza."

Kesho yake, roho imetulia, mama anamuuliza: "Lile bao la kwanza lilipoingia, ulifikiria nini?"

"Nilifikiria niende mbele nikalipe mimi mwenyewe."

"Na nafasi yako ukamwachia nani?"

Swaleh ananyamaza. "Hakuna mtu, mama."

"Basi. Hilo ndilo la kulifanyia kazi. Lile la kwanza lilikuwa kuteleza tu."

Umeona, mama? Hakumkatalia uchungu wake kwa kumwambia "ni mchezo tu". Hakumsifu uongo. Hakumpeleleza siku ile ile akiwa na hasira. Alimuuliza, na mtoto mwenyewe akaliona jambo. Jambo aliloliona mwenyewe halisahau.

Somo linaanza na bilauri

Sasa niseme neno ambalo laweza kutuchoma kidogo, mimi nikiwamo. Mtoto hajifunzi uwanjani namna ya kupokea kosa. Hujifunza jikoni kwetu.

Mtoto amebeba bilauri, imemteleza, imevunjika. Tunafanya nini? Wengi wetu tunapiga ukelele: "Huoni! Kila kitu wewe!" Huenda akapigwa na kofi. Mtoto huyo amejifunza kwamba kosa ni hatari, na kwamba baada ya kosa hufuata aibu. Siku akikosea uwanjani, mwili wake unangojea lile kofi. Ndipo anapobabaika, au anapomtafuta mwingine wa kumsingizia.

Mama mwingine husema, "Usikanyage vigae. Umeumia? Lete fagio tufagie." Kisha, "Siku nyingine bilauri ibebe kwa mikono miwili." Bilauri zote mbili zimevunjika. Lakini mtoto wa pili amejifunza mambo matatu: kosa hutengenezwa, anayelitengeneza ni yeye mwenyewe, na mapenzi ya mama hayakuvunjika pamoja na bilauri. Huyu ndiye atakayefungisha bao dakika ya tatu, akapumua, akarudi nafasi yake.

Hatusemi mtoto asikanywe. Kukanya ni wajibu. Tunasema akanywe kwa jambo alilofanya, asivunjwe utu wake.

Lini utafute msaada

Huzuni ya kushindwa huisha kwa siku mbili tatu. Lakini mtoto akikaa wiki mbili hali vizuri, halali, hataki wenzake, ameacha yote aliyokuwa akiyapenda, usiseme "ni utoto". Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, uzungumze na muuguzi au daktari. Akitaja kujiumiza au kutaka kufa, usimwache peke yake na utafute msaada siku hiyo hiyo. Vile vile hapa Kenya kuna namba ya simu ya kusaidia watoto, 116, isiyolipishwa. Mtoto mwenyewe aweza kupiga, na mzazi pia.

Msikilizaji, wakati wetu umekwisha. Jioni hii mtoto akirudi na viatu shingoni, usimuulize kwanza "mmefungwa mangapi?" Muulize, "Mlicheza vipi?" Kisha mpe chakula chake. Wazee walisema kuteleza si kuanguka. Kazi yetu ni kuwaonyesha watoto namna ya kusimama tena. Hadi mazungumzo yajayo, nawatakia afya njema.

Mambo ya kukumbuka

1. Kosa la kwanza halivunji timu. Kinachoivunja ni hofu, haraka na lawama zinazofuata.
2. Kubabaika ni kazi ya mwili, si ujinga wala woga. Ubongo wa mtoto bado unakua.
3. Mfundishe mtoto mambo matatu: apumue, aseme neno lake, arudi nafasi yake na kufanya jambo jepesi.
4. Maji, chakula na usingizi huleta utulivu. Aliyegongwa kichwa atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo.
5. Siku ya kushindwa, chakula kwanza na maneno kesho.
6. Namna unavyopokea bilauri iliyovunjika ndivyo mtoto atakavyopokea bao alilofungisha.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya kina mama

1. Mara ya mwisho mtoto wako alipokosea nyumbani, neno lako la kwanza lilikuwa lipi?
2. Je, kocha wa mwanao ajua kama mtoto ana pumu, selimundu au ugonjwa mwingine?
3. Katika mtaa wako, mtoto aliyeacha mpira jioni huenda wapi, na tunaweza kufanya nini pamoja ili arudi?